Kikundi cha Kusoma cha Wanawake Kijijini: Mwongozo Kamili kwa Waanzilishi wa Mtwara na Lindi

Mwanamke wa Tandahimba anayesemwa kwamba hana mazoea ya kusoma huenda amejifunga kanga yenye maandishi, amefunga stakabadhi ya korosho kwenye pindo la kanga hiyo hiyo, na katika simu yake kuna ujumbe wa fedha aliosomewa asubuhi na mjukuu wake. Maandishi anayo tele. Anachokosa ni uwezo wa kuyasoma bila kumwita mtu, na wakati mwingine anachokosa ni ujasiri tu, kwa kuwa alimaliza darasa la saba na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaka asome neno.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuanzisha kikundi cha kusoma cha wanawake katika kijiji cha mikoa ya Mtwara na Lindi, awe mwalimu, afisa maendeleo ya jamii, katibu wa VICOBA (kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa fedha) au binti aliyerudi nyumbani baada ya kidato cha nne. Msimamo wangu ni kwamba kikundi kianze na karatasi ambazo wanawake wanazo tayari na wanazosomewa na wengine, kisha kisiishie hapo, bali kisogee kwenye hadithi. Atakayefupisha safari hii kwa kuleta maboksi ya vitabu siku ya kwanza atavikuta mwakani vikiwa vimefungwa vile vile, au vikifungia karanga sokoni.

Tahadhari hiyo ina historia. Wilaya ya Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971, na bibi zetu wengi walijifunza herufi katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka hiyo. Kitaifa mafanikio yalikuwa makubwa: mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma, na mwaka 1986 ilitangazwa kwamba waliobaki ni asilimia 9.6. Hata hivyo, leo utamkuta bibi aliyefaulu kisomo akiweka dole gumba kwenye daftari. Alifundishwa vizuri, ila baada ya kufundishwa hakupata cha kusoma, na herufi zisipotumika huota kutu kama jembe lililoachwa darini.

Kabla ya kuita mkutano

Tenga wiki mbili za kupita nyumba kwa nyumba katika kitongoji kimoja, si kijiji kizima. Usiende na fomu, na kamwe usimuulize mtu mzima, mbele ya wakwe au watoto wake, kama anajua kusoma. Swali hilo lina aibu ndani yake, na jibu lake halitakusaidia, kwa sababu aliyesahau atasema anajua na anayejua kidogo atasema hajui. Uliza badala yake: ujumbe wa simu ukiingia, nani hukusomea? Kadi ya kliniki ya mtoto huwa unaiangaliaje? Mizigo ya korosho ikipimwa, nani hushika karatasi? Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha uwezo wa kila mmoja, na juu ya hayo utajua ni karatasi gani inayowaumiza kichwa, na hiyo ndiyo itakayokuwa somo lako la kwanza.

Utakuta makundi matatu. Wapo ambao hawakusoma kabisa. Wapo, na mara nyingi ndio wengi, waliosoma shule ya msingi au kisomo wakasahau, ambao husoma kwa kukokota na huchoka baada ya mistari miwili. Na wapo wachache wanaosoma vizuri, aghalabu mabinti. Usiwatenganishe. Kikundi cha watu kumi na wawili hadi kumi na watano, chenye angalau wasomaji wazuri watatu, kinatosha. Kikizidi ishirini, wenye haya hupata mahali pa kujificha.

Ruhusa

Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wajulishwe mapema, na Afisa Elimu Kata aombwe mwalimu wa kukutembelea mara moja moja. Hizo ni taratibu za kawaida. Ruhusa yenye uzito zaidi ni ya wanawake wenyewe wenye sauti: nyakanga anayesimamia unyago, mke wa shehe au kiongozi wa akina mama wa kanisani, na bibi ambaye neno lake halirudishwi. Huku kwetu wanawake wana desturi ya miaka mingi ya kukaa pamoja na kufundishana mambo mazito kwa nyimbo na mafumbo. Ukimweka nyakanga pembeni, kikundi chako kitaonekana mgeni anayeshindana na mwenyeji. Ukimwomba awe wa kwanza kutoa hadithi itakayoandikwa, umepata mlezi.

Kuhusu waume, nashauri uwazi bila kuomba radhi. Mume akiuliza mnafanya nini, mwalike asikilize kipindi kimoja. Mashaka mengi huisha anaposikia mkewe akipiga hesabu ya makato ya korosho zao wote wawili.

Siku, saa na mahali

Kosa linalorudiwa zaidi ni kupanga ratiba kwa kalenda ya ofisi. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na kuanzia hapo hadi Aprili watu wako shambani, wengine wakilala huko huko. Mwezi wa tano hadi wa saba kuna ufuta wa kuvuna na mikorosho ya kupulizia salfa, kisha mbaazi hufuata. Mchumo wa korosho hushika kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Hakuna mwezi mtupu. Upo, hata hivyo, muda mfupi wa alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, mara moja kwa wiki, na katika vijiji vya uwanda wa Makonde ambako maji hutafutwa mbali, hata huo inabidi uulize kwanza zamu za bombani au kisimani.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kukiunganisha kikundi na VICOBA. Wanawake wamekwisha kukubaliana siku, mahali na faini ya kuchelewa. Kipindi cha dakika hamsini kabla ya kununua hisa kinatosha. Kiwe kabla, kwa sababu baada ya kasha la fedha kufungwa kila mtu huwahi kupika. Mahali pawe na kivuli, mkeka na pa kuning'iniza karatasi. Darasa la shule ya msingi liwe chaguo la mwisho, maana madawati humrudisha mtu mzima kwenye hofu ya fimbo.

Karatasi za kwanza

Kipindi cha kwanza kabisa kiwe cha kanga. Kila mmoja aje na kanga moja anayoipenda, asimulie aliipataje, kisha jina la kanga, yaani maandishi yake, lisomwe. Wengi watalitamka jina la kanga yao bila kusoma, kwa kuwa wanalijua kwa moyo, na hilo ndilo unalolitaka: mtu anayejua tayari maneno ni “Wema hauozi” anaweza kufuata kwa kidole herufi zinazobeba maneno hayo, akaiona “we” na “ma” zilipo. Hapo ubishi hauepukiki kuhusu nani alimvalia nani kanga gani harusini. Uache uendelee kidogo.

Vipindi vinavyofuata vichukue karatasi moja moja, kila moja kwa wiki mbili au tatu. Stakabadhi ya korosho ndiyo yenye mvuto kuliko zote. Mkulima anapopeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hupimiwa na kupewa karatasi, korosho hukusanywa ghalani, huuzwa mnadani, na malipo huingia akaunti ya benki. Kati ya siku ya kupima na siku ya fedha kuna wiki nzima au zaidi za kusubiri, na kinachobaki mkononi mwa mama ni karatasi ile tu. Ichore upya kwenye karatasi kubwa ya manila, kwa maka peni, na herufi zenye urefu wa vidole viwili: jina la mkulima, tarehe, daraja, uzito. Kisha wekeni hesabu ya mfano. Tuseme uzito ni kilo 143, bei ya mnada ni shilingi 2,500 kwa kilo, na makato yote ni shilingi 250 kwa kilo. Jumla ni shilingi 357,500, makato ni 35,750, na kinachotakiwa kuonekana benki ni 321,750. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, na kila msimu mtaweka za kweli. Mwanamke aliyeipiga hesabu hii mara tatu anaweza kujipimia mwenyewe tofauti kati ya bei hiyo na ile anayopewa na mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, anayebisha hodi usiku na bakuli lake.

Kadi ya kliniki ya mtoto nayo ina mengi. Someni tarehe za chanjo, zikiwemo za surua na rubela za miezi 9 na miezi 18, kisha fuateni mstari wa uzito na rangi zake. Mama mwenye mtoto mchanga atataka kukaa karibu na karatasi siku hiyo. Bahasha ya dawa huchukua dakika chache, lakini isiachwe, kwa kuwa alama ya “1 x 3” imewahi kusomwa na watu wazima wenye akili timamu kuwa ni vidonge vitatu kwa mara moja, badala ya kimoja mara tatu kwa siku.

Ujumbe wa simu unahitaji uangalifu. Wanawake wengi wazee wamempa kijana wa nyumbani namba yao ya siri kwa sababu hawawezi kusoma menyu. Nilipokuwa nikisaidia kikundi kimoja upande wa Newala, mama mmoja alijifunza kusoma neno “salio” kabla ya neno lolote jingine, na wiki iliyofuata alibadilisha namba ya siri. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Fundisha maneno haya kwanza: umepokea, umetuma, umetoa, salio, kiasi. Simu halisi zisipitishwe mkono kwa mkono. Ujumbe wa mfano uandikwe kwenye manila.

Baadaye leteni karatasi za kijiji: tangazo la mkutano mkuu, mapato na matumizi yanayobandikwa ofisini, katiba ya kikundi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake. Mjumbe aliyeingia kujaza nafasi tu ni tofauti na mjumbe anayesoma muhtasari kabla ya kuutia saini. Vivyo hivyo, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, na njia ya kuipata imejaa fomu.

Wanaoanza na herufi

Kiswahili ni rafiki wa mwanafunzi mtu mzima, kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwa irabu na huandikwa kama inavyotamkwa. Usianze na a, be, che. Anza na neno zima la nyumbani, lipasue, kisha panua familia za silabi zake. Chukua “mabibo”: ma, bi, bo. Kutoka hapo andika ma me mi mo mu, na ba be bi bo bu, uwaachie wenyewe waunde maneno. Watapata mama, babu, bibi, boma, bima. Wiki inayofuata leta “kikapu”, ambalo linaleta familia ya ka na ya pa, na kwa familia hizo nne tu wanaweza kuandika kuku, kaka, pima, kibaba na kipimo. Neno “kipimo” likitoka mikononi mwao, lirudishe kwenye ile stakabadhi.

Silabi zenye herufi za konsonanti zaidi ya moja, kama mbwa, ng'o na nyu, zisubiri hadi mwezi wa pili. Mhogo na ming'oko zitakuwepo tu.

Kila anayeanza apangwe na msomaji mmoja wa kumsaidia, asiwe binti yake wala mkwe wake. Mama hapendi kusahihishwa na aliyemzaa, na mkwe hathubutu kusahihisha.

Kipindi kinavyoendeshwa

Kiongozi huanza kwa kukumbusha walikoachia, kwa sentensi mbili, si zaidi. Kisha msomaji mzuri husoma aya moja kwa sauti, polepole, wakati wengine wakifuata kwa macho kwenye manila au kwenye nakala zao. Aya hiyo husomwa mara ya pili na msomaji wa kukokota, bila kukatizwa. Akikwama, jirani yake humnong'oneza neno, na wengine hawasemi. Halafu mtu wa tatu, ambaye anaweza kuwa hajui kusoma kabisa, husimulia kilichosemwa. Asimulie kwa lugha anayoitaka, Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao, na mjadala ufanywe kwa lugha hiyo hiyo. Kusoma kuwe kwa Kiswahili, kuelewa kuwe kwa lugha ya moyo. Wapo wanaoona hili ni udhaifu wa kikundi. Mimi nimeona vipindi vilivyokatazwa lugha ya nyumbani vikigeuka kimya kitupu.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, wakajadili na kuamua la kufanya. Wazee wa kijiji huenda wanaukumbuka, nawe ukiwauliza watakusaidia.

Matamshi yasichekwe. Wengi wetu tuliolelewa na Kimakonde hubadilishana r na l, hivyo “kura” na “kula” husikika sawa na wakati mwingine huandikwa sawa. Sahihisha kwenye maandishi, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha endelea. Mtu akiandika kwamba wanakijiji walipiga kula wakamchagua mwenyekiti, kicheko kitakuja chenyewe, na kikianzishwa na mwandishi wa sentensi hakina madhara.

Kipindi kikatizwe pahali patamu. Hadithi ikifika kwenye mlango unaogongwa usiku, funga.

Kutoka karatasi hadi hadithi

Baada ya miezi miwili au mitatu, karatasi za kazi zitaanza kuchosha, na hapa ndipo vikundi vingi hufa. Haja humfanya mtu ajifunze kusoma stakabadhi, lakini stakabadhi huja mara moja kwa mwaka. Kinachomfanya asome wiki baada ya wiki ni kutaka kujua kilichompata mhusika. Kwa hiyo ingizeni hadithi mapema kidogo kuliko mnavyodhani inafaa.

Hadithi za kwanza ziwe zenu. Mwombe nyakanga au bibi mmoja atoe ngano, ya sungura na fisi au ya mke aliyeolewa na jini, na mabinti wawili waiandike anavyosema. Isomwe mbele yake, naye atasahihisha bila huruma. Kisha inakiliwe kwa mwandiko mkubwa kwenye daftari la kurasa 32, sentensi tatu hadi tano kwa ukurasa, picha ichorwe na mtoto wa shule, na jina la mtoa hadithi liandikwe kwenye jalada akiridhia. Ngano nne zinatosha kwa miezi miwili. Bibi ambaye hajawahi kushika kitabu atakiomba hicho akalale nacho nyumbani. Mambo ya ndani ya unyago yasiandikwe. Nyakanga ataonyesha mpaka uko wapi, nanyi msibishane naye.

Vitabu vya kuchapwa vifuate. Maktaba ya mkoa Mtwara mjini, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ni mahali pa kwanza pa kuuliza masharti ya kuazima kwa kikundi. Ndanda, wilayani Masasi, ni jina linaloonekana kwenye majalada ya vitabu vingi vya Kiswahili, kwa kuwa Wabenedikto wa huko wamechapisha kwa miaka mingi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani anaweza kuazimisha vitabu vya hadithi wakati wa likizo. Chagua vyenye herufi kubwa na kurasa chache, viwe vya mapenzi, ujanja, safari au kesi. Vitabu vya mawaidha vimezidi tayari, na mwanamke aliyelima tangu alfajiri hastahili kuhubiriwa tena alasiri.

Macho na mwanga

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, macho ya karibu kila mtu hupungukiwa na uwezo wa kuona vilivyo karibu, na mama wengi hudhani wamesahau kusoma kumbe hawaoni. Mpe karatasi aisogeze mbali kwa urefu wa mkono. Akiona vizuri zaidi akiisogeza, huenda anahitaji miwani ya kusomea. Kwa kawaida aliye na miaka ya arobaini huhitaji namba kati ya +1.00 na +1.50, na aliyefika hamsini huhitaji karibu na +2.00. Anayeona ukungu hata mbali, au anayeumwa jicho, aende hospitali asinunuliwe miwani ya mnadani. Kikundi kikiweza, kinunue miwani mitatu au minne ya namba tofauti ikae pamoja na vitabu. Ni matumizi yenye faida kuliko vitabu ishirini.

Kasha la vitabu

Tranka la bati la mwanafunzi wa bweni linafaa. Liwekwe juu ya mawe, mbali na ukuta, kwa sababu mchwa wa huku hawachagui. Vitabu vivikwe nailoni, na vilivyochanika vibandikwe kwa gundi ya unga wa muhogo. Kila baada ya wiki chache visambazwe kivulini, hasa wakati wa mvua. Daftari la kuazima liwe na safu nne tu: jina la kitabu, jina la mwazimaji, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mwazimaji aandike jina lake mwenyewe, hata ikichukua dakika tano. Faini ya kitabu kilichopotea isiwepo mwaka wa kwanza, maana atakayetozwa hataazima tena, na jirani yake pia hataazima.

Ukitaka kujua kama kazi inakwenda, angalia daftari hilo pamoja na la VICOBA. Hesabu madole gumba yaliyogeuka sahihi, na majina yaliyoonekana mara ya pili kwenye safu ya waazimaji.

Msimu wa korosho

Ifikapo Oktoba mahudhurio yatashuka. Usiwafuate watu kwa lawama, na usitangaze kufunga. Punguza vipindi viwe mara moja kwa mwezi, na gawa kikundi katika jozi za watu wenye mashamba jirani. Kila jozi ipewe kitabu kimoja cha ngano na ujumbe kwamba watasimulia kikundi kikikutana. Wanawake hukaa saa nyingi chini ya mikorosho wakitenganisha korosho na mabibo, na mmoja akisoma huku mikono ya mwenzake ikifanya kazi, kipindi kimeendelea bila kiongozi.

Kabla ya kutawanyika, funguo za tranka zikabidhiwe mwanamke asiye mwanzilishi, anayeishi karibu na njia ya watu wengi, na ambaye mlango wake haufungwi mchana. Mpe na daftari, na kalamu mbili.